Kutoka Buyenzi hadi Ujiji: kumhamishia binti wa kaka yangu shule

Kaka yangu ameishi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, tangu alipooa. Mwaka huu wa 2024 yeye na wifi wameamua kurudi Kigoma moja kwa moja, ila mkataba wake wa kazi unaisha Desemba. Binti yao mkubwa ana miaka tisa, amezaliwa huko, amesoma huko, na alikuwa amemaliza mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Mwaka wa shule wa Burundi unaanza Septemba, wa kwetu unaanza Januari. Tukakubaliana atangulie yeye, akae kwa bibi yake Ujiji na aingie muhula wa pili hapahapa Julai, badala ya kukaa nyumbani nusu mwaka bila kushika daftari. Mimi shangazi yake ndiye niliyekwenda kumchukua.

Nimeandika baada ya kurudi na mtoto kuanza shule, kutokana na vijidondoo vyangu vya njiani na picha za simu. Familia zinazovuka mpaka wa Manyovu na watoto wa shule ni nyingi, na najua kuna mzazi atakayeyahitaji haya kabla ya kufunga mizigo.

Ijumaa, 12 Julai. Buyenzi

Safari ya kwenda ilikuwa shwari, naiacha.

Ijumaa nzima iliishia kwenye karatasi. Wifi alikuwa amezikusanya kwenye bahasha moja: cheti cha kuzaliwa, pasi ya mtoto (ana pasi ya Tanzania kwa upande wa baba yake), ripoti za shule zenye mhuri, kadi ya chanjo za utotoni, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya wazazi wote wawili inayosema wamenikabidhi mtoto na wanaridhia akae kwa bibi yake. Barua ilikuwa na nakala za vitambulisho vyao na mhuri wa ofisi ya mtaa. Ukivuka mpaka na mtoto ambaye hukumzaa, barua ya namna hiyo iwe mkononi, isiwe chini ya sanduku.

Baada ya Magharibi tukafika kwenye madaftari. Kaka alikuwa ameyatenga pembeni yale yaliyojaa.

"Dada, haya yameisha. Utabeba karatasi za kufungia maandazi?"

Nikamwambia nayataka yote ya mwaka wa tatu. Ripoti inasema mtoto kapata alama ngapi. Daftari linaonyesha kafundishwa nini, wamefika wapi, na mkono wake unaandikaje. Tena ripoti zile ni za Kifaransa, ilhali hesabu ya kutoa kwa kukopa kila mwalimu anaisoma bila mkalimani. Wifi akayafunga kwa kamba ya katani, akayatia kwenye mfuko wa kitenge. Binti akasema mfuko huo ataubeba mwenyewe.

Jumamosi, 13 Julai. Barabara ya ziwa

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Gari letu lilikuwa Probox, nyuma watu wanne, mbele wawili na dereva. Kwa uhaba wa mafuta uliokuwepo Burundi nauli ilikuwa imepanda vibaya. Nililipa faranga 30,000 kwa kila mmoja wetu mpaka Mabanda, na dereva akatuambia mapema kwamba mafuta aliyonayo ni ya kufika Rumonge tu. Wifi alilia pale mlangoni. Mtoto hakulia. Alikaa dirishani na mfuko wake mapajani, akawa anataja kwa sauti ya chini kila duka analolijua mpaka tukatoka nje ya mji.

Huko Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, dereva alituonyesha upande lilipo jiwe la Livingstone na Stanley. Wazungu hao walilala hapo Novemba 1871, wiki mbili hivi baada ya kukutana Ujiji. Nikamweleza binti kwamba wao walitoka huko tunakokwenda sisi. Akauliza walisafiri kwa chombo gani. Nikasema kwa mtumbwi. Akanyamaza, kisha akauliza kama na sisi tungeweza kupanda mtumbwi tukafika haraka zaidi.

Ziwa mwaka huu limepanda. Tuliona nyumba zilizoingiliwa na maji, michikichi imesimama majini, na sehemu ambazo wavuvi wamevuta mitumbwi yao mpaka ukingoni mwa barabara. Gari likawa linakwenda polepole, kila mtu kimya.

Rumonge tulikaa kwa muda wa karibu saa tatu tukingoja mafuta. Dereva alikwenda na madumu yake akatuacha kwenye kibanda cha mama anayeuza mawese. Mama yule hakuwa anatujua. Alimtazama binti, akamtolea kigoda, akamketisha kivulini nyuma ya mapipa, akamletea maharage na ndizi za kupika kwenye sahani yake mwenyewe. Nilipotaka kulipa akakataa. Akasema kwa Kirundi, na binti akanitafsiria, kwamba mtoto anayehama halipi chakula cha njiani. Kama utapita Rumonge, beba maji ya kutosha na chakula kikavu, maana kungoja mafuta hakuna ratiba.

Kutoka Nyanza-Lac barabara inaliacha ziwa na kupanda milima kwenda Mabanda. Mabanda tulibadili gari mpaka Mugina, kituo cha mpakani upande wa Burundi.

Upande wa Burundi waliisoma barua ya wazazi neno kwa neno, wakamwuliza binti mimi ni nani. Akajibu, "Ni dada yake baba." Wakagonga muhuri. Upande wetu, Manyovu, mezani kwa watu wa afya waliomba kadi ya homa ya manjano. Aliyekuwa mbele yetu alikuwa na mtoto asiyekuwa nayo, wakawekwa pembeni. Kadi hiyo usiisahau hata kama mtoto ni mdogo.

Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Tulipotoka Mugina simu yangu ilisema saa kumi jioni, tulipomaliza Manyovu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na hiace zilikuwa zimebaki mbili. Anayetoka Bujumbura ahesabu saa hiyo moja tangu asubuhi, la sivyo ataikuta stendi tupu.

Na jambo lingine lililonishughulisha pale pale Manyovu: Burundi magari yanapita kulia, kwetu yanapita kushoto. Tulipokuwa tunavuka kuifuata hiace, binti aliangalia kushoto, akaona kweupe, akainua mguu. Bodaboda ilikuwa inatokea kulia. Nilimshika mkono. Hapo nikajua kazi yetu ya kwanza Ujiji haitakuwa madaftari.

Nauli Manyovu mpaka Kigoma ilikuwa shilingi 5,000, mtoto hakutozwa kwa kuwa mama mmoja wa Kalinzi alimpakata. Barabara ni lami tupu. Mama yule alikuwa na magunia yake ya ndizi juu ya gari, akawa anaongea na binti Kiha, binti anamjibu Kirundi, wakaelewana mpaka aliposhuka. Tuliingia Masanga usiku, tukachukua bajaji mpaka Ujiji kwa 4,000 pamoja na mizigo. Bibi alikuwa mlangoni na kandili.

"Mke mwenzangu umefika," akamwambia. Hapo ndipo binti alipolia.

Jumapili, 14 Julai. Ujiji

Mama yangu alitaka mtoto alale siku nzima. Mimi nilitaka tutembee njia ya shule. Tukagawana: asubuhi akalala, mchana tukatoka watatu.

Kutoka kwa bibi mpaka shule ni kama dakika ishirini kwa miguu, na kuna barabara kuu moja ya kuvuka, inayotoka Ujiji kwenda Mwanga na mjini, yenye bajaji na bodaboda kila wakati. Tulisimama ukingoni pale tukavuka kwenda na kurudi mpaka muuza miwa akaanza kutucheka. Angalia kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Kwenda, rudi. Mwishowe binti akawa ndiye anayemshika bibi mkono.

Saa kumi tukampeleka chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu wa mtaani. Nilifikiri atakaa pembeni siku hiyo. Maalimu alimwuliza amefika wapi, akafungua juzuu, binti akaweka kidole kwenye mstari aliouachia Buyenzi wiki iliyopita na kuendelea kusoma. Herufi zilezile, irabu zilezile, hata namna ya kutingisha kichwa. Alipokosea maalimu akamsahihisha kama anavyowasahihisha wengine, akarudia, akaendelea. Watoto wakasogea kumpa nafasi mkekani. Kama mtoto wako ana jambo ambalo halikubadilika kwa kuvuka mpaka, iwe ni madrasa, kwaya au mpira, mpeleke huko kwanza kabla ya shule. Ataiingia shule akiwa tayari anajulikana na watoto wawili watatu.

Jumatatu, 15 Julai. Shuleni

Shule tuliyoichagua ni ya serikali. Ada hakuna. Sare, madaftari na michango ya uji wanayokubaliana wazazi ni juu yako. Kuna waliotushauri tumpeleke shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza. Kaka na mimi tulikataa, na bado naamini tulifanya vizuri. Mtoto huyu anazungumza Kiswahili kizuri, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na familia nyingi za pale zina ndugu Ujiji. Ila shuleni kwake madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kirundi, Kifaransa kikiwa somo, na Kiswahili na Kiingereza masomo madogo. Kumtoa kwenye Kirundi na kumtia moja kwa moja kwenye Kiingereza ilhali Kiswahili anakijua kwa mdomo ingekuwa kumwongezea mlima.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akasema mtoto anayetoka nje ya nchi hapokewi kwa mdomo. Alitaka barua ya ofisi ya elimu ya halmashauri, utambulisho wa serikali ya mtaa, nakala za cheti cha kuzaliwa na ripoti zilizotafsiriwa. Akanieleza pia kwamba kila mwanafunzi wa msingi ana namba ya PREM, ndiyo inayomfuata akihama shule na akisajiliwa mitihani ya taifa. Mtoto aliyesoma nje hana namba hiyo, kwa hiyo lazima aingizwe upya kwenye mfumo. Uliza habari ya namba hii siku ya kwanza.

Jumanne na Jumatano, 16 na 17 Julai. Karatasi

Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilipatikana asubuhi moja. Ofisi ya elimu ya halmashauri niliambiwa mhusika amesafiri kikazi, nirudi Alhamisi. Nilikaa benchi nikiwa nimechoka. Dada mmoja wa usafi akanong'oneza kwamba niache nakala kwa karani na namba ya simu, nisirudi na mkono mtupu. Nikafanya hivyo, na kweli Alhamisi barua ilikuwa tayari.

Ripoti ndizo zilinipa mtu ambaye sitamsahau. Kwenye steshenari moja karibu na soko la Mwanga nilikwenda kutoa nakala. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akaona maandishi ya Kifaransa, akavaa miwani. Alifanya kazi bandarini Kalemie miaka mingi, ng'ambo ya ziwa, Kifaransa anakisoma kama gazeti. Akavuta kiti, akaanza kutafsiri mstari kwa mstari na kijana wa steshenari akichapa. Maoni ya walimu aliyatafsiri kwa uangalifu kuliko alama. Palipoandikwa kwamba mtoto huyu huuliza sana, alisimama akafikiri, akamwambia kijana, "Andika: ni mdadisi. Wasije wakadhani ni msumbufu."

Alipomaliza alikataa pesa. Akamwomba binti amsomee ukurasa mmoja wa kitabu chake cha Kifaransa. Binti akasoma, kwanza kwa aibu kisha kwa sauti, na mzee akasikiliza amefumba macho. Akaniambia Kifaransa hicho tusikiache kife, nimsomeshe hata dakika kumi jioni. Tunafanya hivyo mpaka leo.

Kuchapa na nakala nililipa 6,000. Shule ilikubali tafsiri hiyo ikiwa pamoja na ripoti zenyewe. Ukitakiwa kupata uthibitisho zaidi, mjini Kigoma kuna ubalozi mdogo wa Burundi na wa Kongo, unaweza kuanzia hapo.

Ijumaa, 19 Julai. Darasa la ngapi?

Asubuhi tulikwenda kwa fundi cherehani sokoni Mwanga: sketi ya bluu 13,000, shati jeupe 10,000, hijabu nyeupe 5,000. Sweta na viatu tulinunua tayari. Dagaa tuliziulizia tu. Upande wetu ziwa lilifungwa kuvuliwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na zilizokuwa ghalani bei yake haikushikika. Tulikula kisamvu wiki nzima.

Mchana mwalimu wa darasa la tatu alimpima. Alimpa kusoma hadithi fupi ya Kiswahili, akaisoma polepole lakini akaielewa. Imla ikamshinda sehemu kadhaa. Hesabu akapata nusu.

Ile nusu ilinishtua, maana ripoti ilisema hesabu ndiyo nguvu yake. Nikaomba nione karatasi. Kulikuwa na swali la 96 ÷ 4. Mwalimu aliandika namba inayogawa kushoto, nafasi ya jibu juu. Binti alikuwa ameifuta na kuandika upya kwa njia ya kwao: 96 kushoto, mstari wa wima, 4 kulia, na jibu chini ya hiyo 4. Jibu lake lilikuwa 24. Ni sahihi. Ila halikuwa mahali mwalimu alipotazamia, likawekwa mkasi. Swali jingine alikuwa ameandika 14, lakini moja yake ina mkia mrefu wa mbele unaopanda, kama wanavyofundishwa kule, mwalimu akasoma 74.

Nikafungua mfuko wa kitenge. Mwalimu akachukua daftari la hesabu, akaanza kufunua. Madaftari ya kule yana mistari ya zambarau, mmoja uliokolea na mitatu hafifu kati yake, na kila herufi ina kimo chake: "a" inakaa kwenye mstari wa kwanza, "l" inapanda mpaka wa tatu. Mwandiko wote umeshikana, neno zima bila kuinua kalamu. Kugawanya kunaandikwa kwa nukta mbili badala ya alama yetu. Saba inakatwa kistari katikati, kwa hiyo kule moja yenye mkia haichanganywi na saba hata siku moja. Mwalimu alifunua kurasa nyingi bila kusema. Kisha akachukua kalamu nyekundu akasahihisha upya karatasi ya mtihani. Hesabu ikatoka nusu ikawa maswali mawili tu yaliyokosewa.

Madaftari ya zamani, jamani. Yabebeni. Mtoto wa miaka tisa mbele ya mwalimu mgeni hawezi kusema "mimi najua, ila naandika kwa njia nyingine." Daftari linamsemea.

Likaja suala la darasa. Mwalimu mkuu alisema kwa uwezo wake angeweza kukaa la nne. Lakini darasa la nne wanafanya upimaji wa kitaifa Oktoba, na yeye hana hata namba. Nilichagua la tatu, nusu ya pili ya mwaka. Kaka kwenye simu aliumia, akasema mtoto anarudishwa nyuma. Sioni hivyo. Miezi hii anajifunza kusoma sayansi kwa Kiswahili, anajifunza Historia ya Tanzania na Maadili ambayo hakuigusa kabisa, na anabadili mwandiko. Hayo yote pamoja na mtihani wa taifa ndani ya miezi mitatu ni mzigo ambao mtu mzima angeukataa.

Jumatatu, 22 Julai. Siku yenyewe

Jua la Kigoma linachelewa. Mwezi Julai linachomoza baada ya saa moja asubuhi, na kengele ya shule ni saa moja na nusu. Bujumbura lilikuwa linachomoza saa kumi na mbili na dakika chache kwa saa ya kule. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kuamka na mwanga sasa anaamka gizani. Tulianza kumwamsha mapema tangu Jumatano, siku moja baada ya nyingine, na asubuhi hiyo hakusumbua. Nashauri ufanye hivyohivyo wiki moja kabla.

Alibeba begi, kidumu cha maji na fagio la chelewa. Mtoto wa jirani aliyemkuta chuoni alikuwa anamngoja nje na tochi ya simu ya mama yake. Nilitaka kuwasindikiza mpaka getini. Bibi akanizuia kwenye barabara kuu, akasema waache wavuke. Wakaangalia kulia. Wakavuka.

Darasani wanakaa wanne kwenye dawati la watatu. Mchana alirudi na vumbi mpaka magotini: wamecheza rede na hakushikwa mpaka mwisho. Chakula alikula sahani mbili.

Wiki ya kwanza, sehemu iliyouma

Alhamisi alirudi kimya. Usiku akaniambia wapo wanaomwita Mrundi, na mmoja amemwambia arudi kambini. Huyu mtoto hajawahi kuishi kambini, na hata angekuwa ameishi, ni mtoto. Mkoa wetu wakati huo ulikuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, watoto wanasikia maneno ya wakubwa mezani na kuyapeleka shuleni. Kigoma nusu ya koo zetu zina mtu ng'ambo ya mpaka. Mtoto wa Kigoma kumsema mwenzake hivyo ni aibu yetu sisi tuliomlea.

Sikungoja. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa darasa, nikamweleza bila kutaja majina ya watoto. Hakumchapa mtu na hakutoa hotuba. Kwenye kipindi alimwomba binti ahesabu mpaka kumi kwa Kirundi ubaoni. Alipofika "gatatu" watoto wenye bibi wa Kiha wakaanza kuhesabu naye, maana ni karibu sawasawa na nyumbani kwao. Wiki iliyofuata, kwenye historia, walipokuwa wanasoma habari za Mwalimu Nyerere, akamwuliza kule kwao walifundishwa habari za nani. Akasimama akaeleza habari za Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyepigania uhuru wa Burundi akauawa 13 Oktoba 1961. Mwalimu akaandika ubaoni tarehe mbili: 13 Oktoba, Burundi wanamkumbuka Rwagasore, 14 Oktoba, Tanzania tunamkumbuka Nyerere. Binti alinisimulia hayo akiwa anapiga hatua huku na huku uani, mikono inakwenda, kama yeye ndiye mwalimu.

Yule aliyemwambia arudi kambini sasa wanarudi nyumbani njia moja. Sikuwauliza walimalizaje.

Agosti

Wiki zilizofuata zilikuwa za kawaida: shule, chuo, dakika kumi za Kifaransa, kulala. Baada ya 15 Agosti ziwa likafunguliwa, dagaa zikarudi sokoni na migebuka ya kukaanga jioni. Mwandiko unabadilika taratibu. Mwalimu amemruhusu abaki na ule wa kushikana kwenye insha, mradi hesabu ziandikwe kwa njia ya hapa, na moja isiwe na mkia.

Jaribio la mwisho wa Agosti: Hisabati 44 kati ya 50, Kiswahili 33, Historia na Maadili 29, Kiingereza 35. Namba ya PREM imetoka. Ilibidi nifuatilie kila Ijumaa mpaka ikaingia. Kaka nimemtumia picha ya karatasi zote, akapiga simu saa hiyohiyo kumpongeza, na safari hii hakusema neno la kurudishwa nyuma.

Desemba, shule zikifungwa, wanahamia wote. Mdogo wake binti ana miaka mitano, ataanza awali Januari katika shule hiyohiyo. Wifi nimeshamwambia kadi ya homa ya manjano ya huyo mdogo aishughulikie sasa, na picha anazochora ukutani apewe karatasi azichoree humo, tuje nazo.